Barua ya wazi kwa Kamati ya Ujenzi: jengo lisilo na mbunifu, historia isiyo na msimulizi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Ujenzi wa Kituo cha Utamaduni na Maktaba,
Mkoa wa Iringa.

YAH: PICHA NA MAANDISHI YALIYOTENGENEZWA KWA AKILI UNDE KATIKA MRADI WA KITUO CHETU

Mheshimiwa Mwenyekiti, kamwene.

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimefika mwisho. Barua zetu za awali zilipokelewa masjala na kugongwa muhuri, lakini hazikujibiwa. Tulipofuatilia tuliambiwa kuwa suala linashughulikiwa, na katika mkutano wa hadhara ambapo michoro ilibandikwa ukutani, muda wa maswali ulifungwa huku mikono ya watu ikiwa bado juu. Wajumbe wengi wa Kamati ni majirani zangu, na baadhi yenu ni wazee wangu kwa umri na kwa heshima. Sina nia ya kumvunjia mtu hadhi. Mimi ni mchora ramani, nimechorea mafundi wa mji huu nyumba, maduka na madarasa, na programu za akili unde ninazitumia kazini. Naomba, basi, barua hii isiwekwe kwenye fungu la malalamiko ya watu wanaoogopa mashine.

Ninachokilalamikia ni kimoja, ingawa kina matawi. Kamati imepitisha picha za jengo ambazo hakuna mbunifu aliyetia jina lake, na imepitisha maandishi ya ukumbi wa historia ambayo hakuna msimulizi wala mwandishi anayeyakiri kuwa ni yake. Paa likivuja, au kibao kikiwafundisha watoto uongo, hakuna mtu wa kuulizwa. Hoja zangu ni hizi.

1. Picha si ramani

Mchoro mkubwa uliobandikwa siku ile ulionyesha jengo la duara lenye paa la makuti, ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi juu, na minazi miwili mbele ya baraza. Wengi walipiga makofi, na kwa kweli ilikuwa picha ya kuvutia. Nilisogea karibu. Ngazi ya upande wa kushoto inapanda hadi kwenye ukuta mtupu na kuishia hapo, pasipo mlango. Nguzo moja ya baraza inaning'inia, haifiki chini. Kibao kilicho juu ya lango kina maumbo yanayofanana na herufi, lakini si herufi za lugha yoyote inayosomeka. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akiwasilisha kwamba ngazi ile inampeleka mtu wapi. Alinijibu kwa adabu kuwa hiyo ni taswira tu, fundi atarekebisha akifika saiti.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu linamtwisha fundi mwashi mzigo wa kubuni jengo la umma papo kwa papo, huku akishinikizwa na msimamizi anayetaka kuona ukuta ukipanda. Picha ile haina kina cha msingi, haina unene wa nondo, haina umbali kati ya nguzo na nguzo, haisemi lenta itakaa wapi wala kenchi itabeba uzito gani. Nayo haiwezi kusema, kutokana na namna ilivyozaliwa. Programu za aina ya Midjourney na Stable Diffusion, ambazo umma ulianza kuzitumia mwaka 2022, huanza na vumbi la nukta zisizo na mpangilio, kisha hulisafisha hatua kwa hatua mpaka litokee umbo linalofanana na picha zilizowahi kuandikwa maneno kama yale uliyoyaingiza. Kinachojulikana humo ni sura ya majengo yalivyopigwa picha. Hakuna mahali programu inapopiga hesabu ya uzito wa zege au kuuliza udongo ulio chini ya jengo ni wa aina gani. Sisi tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa, katika nyanda ambazo ardhi hutikisika, na katika jengo watakamosoma watoto maswali hayo hayawezi kuachwa yajibiwe saiti.

2. Jengo hili ni la mahali pengine

Makuti ni ya pwani. Hapa kwetu hakuna mnazi, na hakuna fundi wa mji huu aliyekulia kazi ya kuezeka makuti. Yangesafirishwa kwa lori kutoka pwani, kisha yangekaa kwenye ukungu na mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, yakaoza tukaanza upya.

Wazee wa nyanda hizi walijua kuezeka kulingana na mahali. Wahehe wa sehemu kavu walijenga tembe, nyumba ndefu ya pembe nne inayozunguka ua, kuta za miti na udongo, paa la bapa la magogo lililofunikwa udongo, kwa sababu mvua ya huko iliruhusu na kwa sababu udongo ule uliwakinga na jua la mchana na baridi ya usiku. Ukielekea Rungwe, ambako eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, paa la udongo lingewaangukia watu wakiwa wamelala. Wanyakyusa wakajenga kwa mianzi na kuezeka majani kwa mteremko mkali ili maji yakimbie. Paa lilibadilika kadiri mvua ilivyobadilika. Mtu anayechora kituo cha utamaduni cha Nyanda za Juu Kusini bila kujua hilo hajaanza kazi.

Kwa nini, basi, mashine ilituletea makuti na minazi? Kwa sababu ilijifunza kutoka kwenye yale yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Hazina ya LAION-5B, ambayo sehemu zake zilitumika kuifundisha Stable Diffusion, ilikusanya jozi zipatazo bilioni 5.85 za picha na maelezo kutoka intaneti. Afrika Mashariki iliyopigwa picha kwa wingi ni ile ya watalii, yaani hoteli za ufukweni na kambi za mbugani. Tembe la Mhehe halina tangazo la kuuza vyumba. Mwombaji akiandika maneno ya jumla kama "kituo cha utamaduni cha Kiafrika Tanzania", anarudishiwa hoteli.

Sampuli ya pili iliyoonyeshwa, ile ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta, sitaijadili kwa kirefu. Kila fundi wa hapa ameshapanda juu ya nyumba za mtindo huo kuziba maji baada ya gata la ndani kujaa majani. Kuhusu kioo kizima upande wa magharibi, naomba wajumbe wakumbuke Juni na Julai, wakati ambapo hata ofisini watu hukaa na makoti, kisha wakadirie gharama ya kupasha joto maktaba ya kioo.

Tuna tofali za kuchoma, tuna mbao za misindano kutoka msitu wa Sao Hill, tuna mawe, na tuna mafundi wanaojua vifaa hivyo. Mbunifu majengo Francis Kéré, aliyepewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo mwaka 2022, alianza kujulikana kwa shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo yaliyoongezwa saruji, akaliinua bati juu ya dari ili hewa ya moto ipate njia ya kutoka, na wanakijiji wenyewe wakashiriki ujenzi. Simtaji ili tumwige, maana joto la Gando silo tatizo letu. Namtaja kwa sababu aliyajua maswali ya mahali pale kabla ya kuchora.

3. Historia ya ukumbini ina makosa ambayo mtoto wa shule ya Iringa angeyaona

Maandishi ya majaribio yaliyogawiwa kwa wajumbe, ambayo nakala yake ilitufikia, yanasema Mtwa Mkwawa "aliuawa na Wajerumani akiilinda ngome yake ya Kalenga mwaka 1894". Sivyo. Jeshi la Mkwawa lililishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa. Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa alitoka akaendelea na vita vya msituni kwa karibu miaka minne, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani, lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, likarejeshwa mwaka 1954, na linahifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, ambako mjumbe yeyote anaweza kwenda asubuhi na kurudi mchana.

Angalieni kilichotokea humo. Mashine haikutoa habari ya kipuuzi. Ilitoa hadithi yenye mpangilio mzuri zaidi kuliko kweli: ngome inaanguka, shujaa anaanguka nayo, pazia linafungwa. Programu hizi za maandishi hupanga neno baada ya neno kwa kukisia neno gani linaelekea kufuata, na katika simulizi nyingi za dunia shujaa hufa ngome inapovunjwa. Miaka minne ya kujificha, ya wanakijiji kumpelekea chakula huku wakijua adhabu yake, ndiyo sehemu ambayo koo nyingi za hapa zina la kusema. Ndiyo iliyofutwa.

4. Simulizi za wazee zimechukuliwa, zikarudishwa zikiwa zimechujwa

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote. Familia kadhaa ziliwaruhusu vijana wa mradi kurekodi wazee wao. Nilikuwepo alipozungumza bibi mmoja wa kijiji jirani, kwa Kihehe kilichochanganyika na Kiswahili. Alieleza jinsi wanawake walivyopanda juu ya tembe kabla ya mvua kuanza, wakapaka udongo upya na kuziba nyufa kwa vidole, na jinsi mama yake alivyokuwa akigomba moto ukiachwa uzimike mchana, kwa kuwa moshi ndio uliozuia wadudu kula miti ya dari. Katikati ya maelezo alisimama kumcheka shangazi yake aliyekanyaga pabovu akatumbukiza mguu ndani, moja kwa moja juu ya chungu cha ugali. Kisha akataja jina la mti uliofaa kwa boriti, na mti usiofaa, na sababu.

Maandishi yaliyotoka kwenye mashine yanasema: "Chini ya mbuyu mkubwa, wazee waliketi kuuzunguka moto na kuwarithisha watoto hekima ya mababu." Udongo umeondoka, moshi umeondoka, mguu wa shangazi haupo, majina ya miti hayapo, na mbuyu umetoka nisikokujua, maana kwenye kilima cha bibi yule pana baridi isiyouruhusu. Chini yake limewekwa funzo kuhusu umoja ambalo bibi hakulisema. Naomba Kamati ione kwamba hapa hasara ya hadithi na hasara ya ujenzi ni hasara moja, kwa sababu ndani ya simulizi ile mlikuwa na maelekezo ya kujenga na kutunza nyumba katika nchi hii, yaliyotolewa na mtu aliyeyatenda. Mbunifu ambaye angeketi na bibi yule kwa saa moja asingechora makuti.

Wala tatizo hili halijaanzia kwetu. Mwezi Februari 2023 jarida la hadithi la Clarkesworld la Marekani lililazimika kusitisha kwa muda kupokea kazi kwa sababu lilifurikwa na hadithi zilizotengenezwa na mashine. Hao walikuwa na wahariri wa kuzitambua. Ukumbi wetu hauna mhariri. Kilichobandikwa kitasomwa kama kilivyo.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za watu, sauti ikiwa miongoni mwa yanayoweza kumtambulisha mtu. Familia zile ziliombwa ruhusa ya kurekodi. Hakuna aliyeziambia kuwa rekodi zitaingizwa kwenye programu ya kampuni ya nje.

5. Sauti ya "mzee" asiyekuwepo

Tumesikia pia kwamba vipaza sauti vya ukumbini vitatumia sauti ya mzee iliyotengenezwa na kompyuta. Wazee tunao, hai, na wanazungumza. Sina la kuongeza.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi tumeshayasikia kwa mdomo.

Litakuja jibu la fedha: kwamba bajeti haitoshi kumlipa mbunifu, na mashine imetoa sampuli bure. Hata hivyo, katika ujenzi kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio, na kosa la kwenye zege hufutwa kwa nyundo na fedha za wananchi. Kama bajeti haitoshi jengo kubwa lenye mbunifu, tujenge dogo lenye mbunifu. Chumba kimoja cha kusomea na ukumbi mmoja vinatutosha kwa kuanzia.

Litakuja jibu la maendeleo, kwamba dunia yote inakwenda huko na hata makampuni makubwa yanatumia. Ni kweli yanatumia, na ni vizuri tuseme yanavyotumia. Mwaka 2023 Patrik Schumacher, mkuu wa kampuni ya Zaha Hadid Architects ya London, alieleza hadharani kwamba wanatumia DALL-E na Midjourney katika hatua za mwanzo za kutafuta mawazo. Baada ya hapo picha huchaguliwa na wabunifu, wakaifanyia kazi, na kampuni ikaweka jina lake. Kampuni ya Autodesk ilinunua Spacemaker ya Norway mwaka 2020 kwa ajili ya programu inayosaidia kupima jua, upepo na kelele katika kiwanja kabla jengo halijachorwa. Hilo ningelishangilia. Tukiupima upepo wa kiwanja chetu na jua la Julai kwa chombo cha namna hiyo, mikononi mwa mtu anayejua kusoma majibu yake, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia muda wangu. Na kwa upande wa simulizi, waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kwa siku 148 kuanzia tarehe 2 Mei 2023, na makubaliano yaliyopatikana yalisema akili unde haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi, na kampuni ikimpa mwandishi kitu kilichotengenezwa na mashine lazima imwambie. Huko ndiko dunia inakokwenda: jina la mtu limebaki, na matumizi ya mashine yanatajwa.

Tutaambiwa pia kwamba wazee wanaondoka, hakuna muda wa kunukuu rekodi zote kwa mkono. Hapo mna haki, na naikubali hoja hiyo kuliko nyingine. Mashine isaidie kupanga rekodi, kuandaa orodha ya mada, hata kutoa rasimu ya unukuzi wa yale yaliyosemwa kwa Kiswahili, mradi kila ukurasa usikilizwe tena na mtu anayejua Kihehe, Kibena au Kikinga kwa kadiri ya msemaji, na mtu huyo aandikwe jina. Kunukuu haraka ni jambo moja. Kumtungia bibi maneno ni jambo jingine kabisa.

Na wale watakaosema "ni rasimu tu" naomba wanieleze kwa nini rasimu hiyo tayari imeambatishwa kwenye maombi ya fedha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaiomba Kamati itekeleze yafuatayo:

(a) Isimamishe hatua za kumtafuta mkandarasi mpaka zipatikane ramani kamili zilizoandaliwa na mbunifu majengo aliyesajiliwa, pamoja na makadirio ya mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, majina yao yakiwa kwenye kila karatasi. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 iliweka Bodi ya kuwasajili na kuwawajibisha wataalamu hao kwa sababu hii hasa.

(b) Itangaze ni picha zipi na maandishi yapi yametengenezwa kwa akili unde, kwa programu gani, na nani aliyeingiza maelekezo.

(c) Iondoe maandishi yote ya ukumbi wa historia, na iunde jopo dogo la wazee, walimu wa historia na watu wa makumbusho watakaoyaandika upya, kila kibao kikiwa na jina la aliyesimulia na la aliyeandika.

(d) Irudishe kwa kila familia nakala ya rekodi ya mzee wao, ieleze kwa maandishi rekodi hizo zilipelekwa wapi, na iombe ruhusa upya kwa lugha ambayo mzee anaielewa. Familia itakayokataa, rekodi yake ifutwe.

(e) Mbunifu atakayeteuliwa apelekwe kwa bibi niliyemtaja, na kwa mafundi wawili watatu wa hapa, kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Mimi nitampeleka bila malipo.

(f) Iitishe mkutano wa hadhara usio na ukomo wa maswali.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii kupokelewa masjala. Yasipotolewa, suala la ramani tutalifikisha kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na suala la rekodi tutalifikisha kwa mamlaka zinazosimamia hakimiliki na taarifa binafsi, pamoja na nakala za barua zote zenye muhuri wenu.

Wako katika ujenzi wa mji wetu,

Mchora ramani, kwa niaba ya wakazi waliotia saini karatasi iliyoambatishwa

Nakala: Mtendaji wa Kata, familia za wazee waliorekodiwa, ubao wa matangazo wa soko